Ploti ya Milango Kumi

Nina wivu, na ni afadhali niseme mapema ili usije ukanishangaa baadaye. Si wivu wa mapenzi wala wa mali. Ni wivu juu ya mchezo wa kompyuta, mchezo wa zamani wa kujenga mji, ambao mtu wa umri wangu hapaswi hata kuukumbuka, na juu ya msichana mmoja wa Riruta ambaye sasa ni mtu mzima kama mimi.

Wivu huo uliamshwa juzi juzi, ofisini, huku tao, yaani mjini, saa ya chakula. Kijana tunayefanya naye kazi, Brayo, alikuwa anakula chapati kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anasukuma kipanya. Nilipita nyuma yake nikienda kuongeza chai. Kwenye skrini yake kulikuwa na mji, ule ule niujuao, wenye barabara zilizonyooka na maghorofa ya vioo ya nchi za watu. Na katikati ya maghorofa hayo kulikuwa na ploti. Ploti kabisa, ya vyumba vya kupanga kama ya kwetu: ukuta wa mawe, geti jeusi, mabati yaliyoshika kutu upande mmoja, tangi la maji juu ya vyuma, na kamba ya nguo yenye shuka la maua limeanikwa.

"Brayo, hiyo umetoa wapi?"

"Hii? Ni modi, madam. Watu hujitengenezea majengo wanaweka mtandaoni, wewe unachukua unaongeza kwa gemu yako. Wenye walitengeneza hii gemu waliiwacha kitambo. Ni wachezaji tu wanaishikilia. Kompyuta zikibadilika ikatae kufunguka, kuna mtu anaketi anaandika kiraka, inafunguka tena."

"Na hiyo ploti ni ya nani?"

"Ni ya dem fulani wa hapa tu Nairobi. Mkali, si mchezo. Viraka nyingi za siku hizi ni zake. Anajiita Shiru."

Nilirudi mezani bila chai. Roho ilikuwa inaniuma pale pale ilipokuwa ikiniuma nikiwa darasa la sita, na nilikuwa nimejidanganya kwamba pamepona.

Tuliishi kwenye ploti ya babake Shiru. Mwenyewe alikaa mbele, nyumba ya mawe yenye veranda na mapazia, na wapangaji tulikaa nyuma, vyumba kumi na kimoja kwenye mstari mmoja, chumba kwa familia. Chetu kilikuwa cha mwisho, karibu na vyoo. Mama alikipenda licha ya harufu, kwa sababu jua la jioni liliingilia upande huo na kumulika cherehani yake mpaka saa kumi na mbili. Baba alikuwa fundi wa mabomba, hakai nyumbani. Walikuwa wametoka Bungoma kabla sijazaliwa, na mama hakuwahi kusahau kwamba hapo si kwake. Kila nikivuka mlango aliniambia, "Nasimiyu, kule mbele ni kwa wenyewe. Ukiambiwa keti, keti. Ukiambiwa nenda, uwe umeshaenda."

Shiru nami tulilingana umri, si shule. Mimi nilitembea kwenda shule ya hapo hapo Riruta. Yeye alipelekwa shule huko Parklands kila asubuhi kwa pikapu ya babake, soksi zimevutwa mpaka magotini. Lakini Jumamosi alikuwa wangu, na kwa muda mrefu Jumamosi ilinitosha.

Kompyuta ilikuja kutoka ofisi moja mjini iliyokuwa inabadilisha mashine zake. Ilikuwa ya zile zenye mgongo nyuma ya skrini, nzito, na mamake Shiru aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama alivyofunika kila kitu sebuleni. Ilipowashwa ilitoa harufu ya vumbi lililopata moto. Mpaka leo, fundi akifungua mashine kuukuu pale ofisini, natembea kwenda kunusa bila kujua ninachofuata. Kabla ya kuingia sebule hiyo nilikuwa naosha miguu kwenye mfereji wa nje, naacha ndala kwenye veranda, naingia nikikanyaga kwa vidole.

Mchezo wenyewe ulikuja kwa sidii isiyo na kasha. Unapewa ardhi tupu, unaweka barabara, maji, stima na shule, na watu wanahamia wenyewe. Nitasema bila haya: nilikuwa hodari. Shiru aliweka jaa la takataka kando ya hospitali halafu anashangaa watu wanahama. Mimi nilijua maji yaje kwanza, barabara baadaye, na kwamba watu hawapendi kukaa karibu na kiwanda lakini wanataka kazi yake. Shiru alikuwa ananipa kiti chake. "Meya, keti," aliniambia, na mimi, mtoto wa chumba cha mwisho, naketi kwenye kiti cha mwenye ploti na kuamuru.

Kulikuwa na shida moja tu. Mji ukishakua sana, skrini ilikuwa inaganda, halafu mchezo wote unajifunga, unabaki unatazama kioo kitupu. Mara ya kwanza Shiru alilia. Mimi sikulia, kwa sababu nilielewa papo hapo. Mji ulikuwa umejaa. Si nilikuwa nasikia kila wiki? Mtu anagonga geti na godoro lake, anauliza kama kuna nyumba, na babake Shiru anajibu bila kuinuka kwenye kiti, "Kumejaa," na geti linafungwa. Sikuona ajabu yoyote mashine kufanya vivyo hivyo.

Basi nikatafuta dawa. Watu wakikaribia idadi ile ya kugandisha skrini, nilichagua mtaa mmoja, wa watu wa hali ya chini maana hao ndio wengi, nikawakatia maji. Wasipotoka, nikawakatia stima. Wakikaza roho, nabomoa barabara yao, na hapo wanatoka wote. Mji unapumua, tunaendelea. Hakuna aliyenifundisha. Niliyajua hayo yote kwa kuishi Riruta. Shiru aliniangalia kwa macho ya kuniheshimu, akasema, "Wewe uko na roho ngumu," nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Halafu Jumamosi moja Shiru akanipokea mlangoni na flashi imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Nimepewa kiraka," akasema. "Ni ka faili kadogo tu. Hetal amenipatia."

Hetal alikuwa msichana wanayeketi naye dawati moja huko Parklands. Alikuwa na kaka yuko chuo, na huyo kaka alijua kufungua matumbo ya michezo. Nilimsikia Hetal kwa mara ya kwanza siku hiyo, na nilimchukia kabla Shiru hajamaliza kutamka jina.

"Kiraka cha nini? Gemu iko sawa."

"Haiko sawa. Kaka ya Hetal anasema haijawahi kujaa. Ni makosa ya wenye waliandika. Watu walichoka kungoja, wakarekebisha wenyewe."

"Mji haujai?"

"Haijai. Inaweza kuwa kubwa hata kushinda Nairobi."

Akaweka faili mahali pake, akafungua mchezo, tukaketi tukitazama. Watu wakafika ile idadi, wakaipita. Skrini haikuganda. Waliendelea kuingia, mtaa baada ya mtaa, na mimi nimebana mikono katikati ya magoti. Ungedhani ningewafurahia. Niliona tu kwamba ule uhodari wangu wote, ule wa kukata maji na kubomoa barabara, ulikuwa upuuzi, na kwamba mtu nisiyemjua alikuwa ameuzima kutoka Parklands bila hata kuosha miguu.

Tangu hapo ikawa Hetal anasema hivi, Hetal amesema vile. Hetal anasema unaweza kuweka nyumba zako mwenyewe. Hetal amenipa programu ya kuchora. Nilijitengenezea Hetal wangu kichwani, mwenye nywele ndefu na kibebeo cha chakula chenye orofa tatu, akicheka kwa kuziba mdomo kila Shiru anaponitaja. Kama Shiru alikuwa ananitaja.

Shiru aliamua kuchora ploti yetu. Hatukuwa na kamera, kwa hiyo alichora nukta moja moja kwa kipanya, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. "Mistari ya bati ni ngapi juu ya chumba moja?" Natoka mbio, nahesabu, narudi. "Geti iko na vyuma ngapi za kulala?" Natoka tena. Nilikuwa nimeketi kwenye kile kiti nikaitwa meya, na sasa nilikuwa mtu wa kutumwa nje. Jumamosi zote hizo sikuguswa na wazo kwamba ploti tuliyokuwa tunaichora ilikuwa yangu vilevile.

Ilipokamilika, Shiru aliita watu. Wapangaji walisimama kwenye veranda wakichungulia kwa zamu, wakionyeshana milango yao. Babake Shiru alicheka mpaka akajipiga paja. "Hata ile kutu umeweka!" Kila mtu alikuwa anasema Shiru ana akili, Shiru ni injinia. Hakuna aliyesema Nasimiyu alihesabu mabati. Mimi nilikuwa nahesabu milango. Nikahesabu kutoka kushoto, nikapata kumi. Nikahesabu kutoka kulia, kumi. Ukuta ulikomea kwa Mama Otieno, jirani yetu. Baada ya hapo ni nyasi za kijani.

Sikuuliza, na kutouliza ndiko kosa langu lilikoanzia. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemwona babake Shiru nje ya chumba chetu na futi ya fundi, anapima ukuta, anaandika kwenye kiganja. Nikaunganisha mwenyewe. Mtoto wa mwenye ploti anajua mambo ya nyumbani kwao, na alichokijua amekichora: tunatolewa. Nilijua jinsi inavyofanywa. Kwanza maji, halafu stima. Siku mbili mfereji ulipokauka, kama ulivyokauka kila mwezi, nilikataa chakula. Mama akaniuliza kama naumwa, nikasema tumbo.

Lakini siwezi kukudanganya kwamba niliyoyafanya niliyafanya kwa hofu peke yake. Hofu ningeweza kumwambia mama. Kilichonisukuma kilikuwa kingine. Nilikuwa nawaona wawili, Shiru na Hetal, wakiwa wamekaa dawati moja na kuamua kwamba mji wao hauna haja nami.

Jumamosi iliyofuata mamake Shiru alikataa mashine iwashwe kabla soksi za shule hazijafuliwa. Baadaye akalegea, akasema, "Nasimiyu awashe ipate moto, wewe maliza soksi." Shiru akabaki kwenye mfereji na karai lake. Mimi nikaingia peke yangu. Nilijua kabati la faili lilipo ndani ya mashine, Shiru alikuwa amenionyesha mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na faili ya ploti na nyingine kando yake ambayo sikuijua. Nikazichagua zote, nikabonyeza kufuta. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika. Halafu nikafungua pipa la takataka la kompyuta na kulimwaga pia, kwa sababu mtu wa roho ngumu hafanyi kazi nusu.

Shiru aliingia akijifuta mikono kwenye sketi. Alitafuta, akatafuta tena. Halafu akalia kwa namna ambayo nilikuwa sijawahi kuiona kwake, bila sauti, mabega tu.

"Hata nilikuwa nimeanza kipande ya pili," akasema. "Gemu haikubali nyumba refu kushinda milango kumi. Nilikuwa natengeneza ingine ndogo ya kuweka kando, yenye mlango yenu na vyoo. Hadi baba alinipimia huo upande."

 Hapo ndipo ningesema. Lakini babake alikuwa ameshafika mlangoni, mtu mkubwa aliyejaza fremu yote.

"Nani amegusa hii mashine?"

Nikatazama zulia. Shiru akafuta pua kwa mkono.

"Ni flashi ya Hetal, baba. Ilikuwa na virusi."

"Hiyo flashi isirudi hapa. Na huyo msichana mwambie asikupe vitu zake tena. Umesikia? Nitaongea na mwalimu wenu mwenyewe."

Na aliongea. Sikuambiwa kilichosemwa huko Parklands, ila Shiru alihamishwa dawati, na jina la Hetal halikutajwa tena sebuleni. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, Shiru wangu peke yangu, Jumamosi zote. Tuliketi mbele ya kompyuta, na yeye anasema, "Cheza wewe," huku anatazama nje. Baada ya miezi michache hakutaka hata iwashwe. Kitambaa cha kufuma kikabaki juu yake. Mwaka uliofuata baba alipata nafasi Mutuini, penye shamba dogo la mahindi mbele ya nyumba, tukahama. Shiru alisimama getini akatupungia. Sikugeuka mara mbili.

Sasa turudi kwa Brayo na chapati yake. Jioni hiyo nilipakua mchezo, nikapakua kiraka cha Shiru kinachoufanya ukubali mashine za siku hizi, nikapakua ploti. Nilisoma jukwaa lao lote. Watu wa nchi ambazo siwezi kutamka majina ya miji yake wanamshukuru. Mmoja amejenga mtaa mzima wa ploti zetu kando ya mto wenye barafu. Wanamwita malkia. Nilisoma nikiwa nimekunja uso, na badala ya kumwandikia "Mambo, habari za siku nyingi, ni mimi Nasimiyu", nilitumia siku nne kutafuta kosa kwenye kazi yake.

Nikalipata. Kivuli cha shuka kwenye kamba kiliangukia upande wa mbele wakati wa jioni. Nikajisajili kwa jina la Musa, nikaandika kwa ukali: kivuli kiko upande mbaya, jua la jioni kwenye ploti hiyo huingilia upande wa vyoo, tafadhali uwe makini.

Alijibu kabla sijafika nyumbani kutoka kazini. "Haki ya nani, uko sawa! Nimerekebisha, jaribu sasa. Na nimekuweka kwa ile orodha ya shukrani. Musa, wewe umeishi ploti, huwezi nidanganya."

Basi tukaanza kuandikiana, yeye na Musa. Wiki tatu sasa. Anamtumia kazi kabla ya kuionyesha dunia. Anamuuliza kama sauti ya geti iko sawa. Anamtania, anamwambia ana jicho kali kama afisa wa kanjo wa baraza la jiji. Nami namjibu nikijificha nyuma ya jina la mwanamume asiyekuwepo, nikifurahi na kuumia kwa wakati mmoja.

Jana Musa aliuliza kile nilichokuwa nakizunguka tangu mwanzo: kwa nini ploti imekatwa vipande viwili, vyumba kumi pamoja na kimoja peke yake kando?

Akaandika jibu refu. Nalinakili kama lilivyo.

"Kumi ndio mwisho wa gemu. Hicho kimoja ni cha rafiki yangu wa utotoni. Ploti ya kwanza aliifuta. Nilikuwa nafua nje, nikamwona kwa dirisha ameketi hapo, nikadhani anacheza. Nikiingia nikaelewa. Babangu alikuwa anauliza ni nani, na wewe unajua wenye ploti, Musa. Ningesema ni yeye, hiyo familia ingekuwa nje kabla ya Jumatatu. Mamake alikuwa anashona nguo zetu. Kwa hivyo nikasema ni flashi ya rafiki yangu wa shule. Huyo wa shule hakuwahi kunisalimia tena, hadi leo, na hakuwa amefanya kitu. Sijawahi kuambia mtu hii story. Sijui kwa nini nimekuambia wewe. Uko free Jumamosi? Nikununulie chai hapo tao."

Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama jikoni na sufuria inachemka. Miaka yote hii nimemwonea Hetal wivu, kumbe ndiye aliyetolewa ili mimi nibaki. Na hata hilo sikuambiwa mimi. Mimi sikuambiwa siku ile, wala Jumamosi zote zilizofuata tulipokaa magoti yakigusana, wala getini siku ya kuhama. Ameambiwa Musa, ambaye hana sura wala mama, kwa sababu ya kivuli cha shuka. Ni yeye anayealikwa chai, na namwonea wivu mpaka mkono unakataa kumjibia.